Vifungo Kumi

Kila saa mbili usiku nalala ubavu wa kushoto,
kopo la vifungo la bibi mzaa mama kando ya mto.
Vifungo vya makoti ya watu waliokwisha kufa:
cha mfupa, cha shaba, kimoja chekundu cha plastiki
kilichonyofoka sare ya posta, mwaka nisioujua.

Teke moja, kifungo kimoja,
kutoka koponi kwenda kikombeni.
Mkunga Bolette ndiye aliyenifundisha kuhesabu;
vifungo ni nyongeza yangu.
"Mjue mwendo wake," alisema. "Ukibadilika, njoo.
Usingoje kupambazuke."
Nikacheka. Naye akacheka, kidogo.
Ni Desemba, Ilulissat, jua limeshaaga;
hakupambazuki mpaka Januari.

Helikopta ilinileta wiki ya thelathini na sita,
mimi, begi, na samaki wakavu ndani ya gazeti.
Kwetu ni nyumba kumi na tisa, duka moja,
na muuguzi wa Jumanne, upepo ukiruhusu.
Upepo hauruhusu.
Basi wajawazito twaletwa huku, nyumba ya wanaosubiri,
twapika kwa zamu, twapimana matumbo kwa macho.
Paneeraq wa chumba cha pili ana mapacha:
yeye hahesabu, anasuluhisha ugomvi.

Wangu ana ratiba.
Asubuhi kimya. Nikila, kisigino chini ya mbavu.
Jioni kwikwi, kama saa ya ukutani iliyolewa
(kwikwi hazina kifungo, kasema Bolette).
Saa mbili usiku, ngoma.

Jumatano: kifungo.
Kifungo.
Kisha dakika arobaini za kutazama dari.
Cha tatu, au ni supu tu inayoshuka?
Nikakirudisha koponi.
Sitajidanganya kwa mfupa wa koti la marehemu.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.
Ukimya wake je, nani aliwahi kuusemea?

Nikavaa buti bila soksi.
Hatua mia tatu na kumi hadi hospitali;
nilizihesabu nazo, kinywa kilitaka namba yoyote.
Mbwa wa sleji wamejikunja minyororoni, pua mkiani.
Barafu ya ghubani, ambayo kutwa hupasuka kama mizinga,
usiku ule ilinyamaza, nikaichukia.

Bolette hakuuliza kwa nini sikungoja.
Mikanda miwili, wa waridi na wa buluu,
mafuta baridi, kidude kikitafuta, kushoto, chini,
mkwaruzo, mkwaruzo, kisha kishindo kizito cha polepole.
"Huyo ni wewe," akasema. Akasogeza upana wa kidole

na pale:
mbwa kumi na wawili juu ya barafu ngumu,
kucha zikigonga, wepesi, mbio, bila mzigo.

Mia moja thelathini na nane. Mia na arobaini na mbili.
Karatasi ikatoka, kilima, bonde, kilima;
mtoto akijinyoosha mstari wapanda,
na Bolette anatia alama kwa kalamu ya kijani.
Alikaa nami hadi karatasi ikagusa sakafu.
"Alilala, huyu."
"Samahani, nimekusumbua."
"Kesho akinyamaza, nisumbue. Na keshokutwa."

Nikampigia Qillaq. Alikuwa nje, analisha.
"Ngapi leo?"
"Viwili," nikasema, na kabla hajavuta pumzi, "na karatasi, mita nzima."
Hakuelewa. Nikaiweka simu tumboni nifute pua,
na huko kwetu, mbali, mbwa wake wakaanza kulia
mmoja, kisha wote

na kisigino kikaja, kikali, chini ya mbavu.

Sikuwa na kopo.
Bolette akavua kifuniko cha kalamu yake,
akakitia kiganjani mwangu,
akanikunja vidole.